Gharama za Vituo vya Data: Habari za Mji wa The Dalles

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mtu asimamaye ufuoni akitazama jahazi likipita huona tanga na mawimbi, haoni mti uliokatwa, wala fundi aliyeupasua mbao, wala fedha ya misumari. Ndivyo yalivyo mambo mengi ya siku hizi. Mtu hutuma barua au picha kwa simu yake, naye hudhani ya kuwa imepita hewani bure, nayo itakaa huko huko hewani mpaka atakapoitaka tena. Lakini picha ile haikai hewani. Hukaa ndani ya nyumba, na nyumba ile imejengwa juu ya ardhi ya watu, yatumia umeme wa mto wa watu, na mara nyingi yanywa maji ya watu.

Mwezi huu twataka kueleza habari za nyumba hizo, ambazo huitwa vituo vya data, na hasa gharama za kuzijenga na kuziendesha. Hatutaki kusema maneno ya jumla tu. Twataka kufuata historia ya mji mmoja mdogo wa Marekani, jina lake The Dalles, katika jimbo la Oregon, ambako kampuni ya Google ilifungua mwaka 2006 kituo chake cha kwanza ilichokijenga yenyewe. Habari za mji huo zimeandikwa sana, nazo zatufundisha ya kuwa gharama ya jambo haianzi siku ile jiwe la msingi linapowekwa.

Kituo cha data ni kitu gani

Kituo cha data ni nyumba kubwa, mfano wa ghala, ambayo ndani yake mna makabati mengi yaliyopangwa safu safu, na katika kila kabati mna kompyuta nyingi. Hapana watu wengi ndani yake, wala hapana kelele ila uvumi wa mapangaboi. Kompyuta hizo hutunza barua, picha, hesabu za benki na maandiko ya watu walio mbali, na kuwarudishia kila watakapo, usiku na mchana.

Kazi hii haifanyiki pasipo joto. Umeme wote uingiao katika kompyuta hugeuka mwisho kuwa joto, kama vile umeme uingiao katika pasi. Kompyuta moja juu ya meza hutoa joto kidogo. Lakini zikikusanywa maelfu katika nyumba moja, zitaungua zisipopozwa. Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. Kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1946 katika mji wa Philadelphia, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, na gharama yake ilikuwa dola zipatazo 487,000. Nayo pia ilihitaji mapangaboi makubwa ya kuiondolea joto. Basi tangu siku ya kwanza palikuwa na gharama mbili: ya kuifanyisha mashine kazi, na ya kuipoza.

Njia moja ya kupoza yafahamika kwa kila mama aliye na mtungi wa udongo. Maji hutoka kidogo kidogo katika ngozi ya mtungi, yakakauka kwa upepo, na kwa kukauka kwake huchukua joto, hata maji yaliyobaki ndani huwa baridi. Vituo vingi vya data hufanya vivyo hivyo kwa minara mikubwa: maji hupitishwa penye upepo, sehemu yake hukauka na kupaa kama mvuke, na yaliyobaki hurudi yakiwa yamepoa. Njia hii hupunguza umeme, lakini hutumia maji. Ipo njia nyingine ya kupoza kwa mashine mfano wa jokofu. Hiyo huokoa maji, lakini hutumia umeme zaidi. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia: mara nyingi gharama inayopunguzwa upande mmoja huhamia upande mwingine.

Mto Columbia na watu wake

Mto Columbia huanza katika milima ya Kanada, hupita katika majimbo ya Washington na Oregon, na kuingia katika Bahari ya Pasifiki baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 2,000. Mji wa The Dalles uko ukingoni mwa kusini. Juu ya mji huo, mwendo wa kilometa ishirini hivi, palikuwa na maporomoko ya maji yaliyoitwa Celilo. Hapo mto mkubwa ulibanwa na miamba, ukaanguka kwa mngurumo uliosikika mbali.

Samaki wakubwa waitwao samoni huzaliwa katika vijito vya juu, hushuka baharini wakakua, kisha hupanda tena mtoni kuzaa. Walipofika Celilo iliwabidi kuruka maporomoko. Hapo wenyeji wa nchi waliwangojea, wamesimama juu ya vichanja vya mbao vilivyojengwa juu ya maji, wenye nyavu za mipini mirefu mikononi. Wataalamu waliochimba udongo wa mahali hapo wameona dalili za watu waliokaa huko zaidi ya miaka 10,000. Samaki walikaushwa kwa upepo, wakatwangwa, wakauzwa kwa watu waliotoka mbali. Kwa hiyo Celilo palikuwa soko kubwa kabla hajafika Mzungu yeyote. Wasafiri Lewis na Clark, waliotumwa na Rais Jefferson, walipita hapo mwezi wa Oktoba 1805, wakaona wingi wa watu na wa samaki.

Mwaka 1855 serikali ya Marekani ilifanya mikataba na makabila ya nchi ile, yaani Yakama, Umatilla, Nez Perce, watu wa Warm Springs na wengine. Makabila yalitoa sehemu kubwa sana ya ardhi yao, yakabakiziwa sehemu ndogo. Lakini yaliweka sharti moja: kwamba wataendelea kuvua samaki katika mahali pao pa desturi. Celilo palikuwa mahali pa kwanza miongoni mwa hapo. Sharti hilo liliandikwa, likatiwa sahihi, likathibitishwa.

Bwawa la mwaka 1957

Karne iliyofuata Marekani ilitaka umeme. Mwaka 1937 Bunge lake liliweka idara ya kuuza umeme wa mabwawa ya serikali katika Mto Columbia, nayo sheria iliamuru kwamba mashirika ya umma ya miji na wilaya yatangulizwe katika kununua. Umeme huo ulikuwa rahisi sana, na urahisi wake ukawa sifa ya nchi ile yote. Bwawa moja lilifuata jingine.

Mwaka 1952 ulianza ujenzi wa bwawa karibu na mji wa The Dalles. Wenyeji walipinga. Mzee Tommy Thompson, mkuu wa watu wa Celilo, alikataa kabisa kuyauza maporomoko, naye hakubadili neno lake mpaka alipofariki mwaka 1959. Hata hivyo ujenzi uliendelea. Siku ya tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa ilifungwa. Watu walisimama juu ya vilima wakitazama, na wengine wakalia. Kwa muda wa saa chache maji yalipanda, yakafunika miamba na vichanja, na mngurumo uliosikika tangu zamani za zamani ukanyamaza. Mahali pa maporomoko pakawa ziwa tulivu.

Serikali iliyalipa makabila manne fidia, jumla yake zaidi ya dola milioni 26. Fedha hiyo ilipogawanywa, kila mtu alipata dola elfu chache. Fidia ililipwa mara moja, lakini samaki walikuwa wakija kila mwaka. Atakayetaka kulinganisha mambo haya mawili na ajiulize mwenyewe: shamba la minazi lililolisha babu na baba, nalo lingelisha wajukuu, bei yake ni ngapi, na nani atasaini kwa niaba ya mjukuu asiyezaliwa?

Twasema haya si kwa kuukataa umeme. Umeme wa Columbia uliwasha taa za mashamba na za shule, nao ulipunguza kazi nzito ya watu wengi. Twayasema kwa kuwa baadaye watu walikuja kusema, "Umeme wa huku ni rahisi," kana kwamba urahisi huo umeota wenyewe kama nyasi. Ulikuwa rahisi kwa aliyeununua. Sehemu ya bei yake ilikuwa imekwisha kulipwa na wengine.

Kiwanda cha alumini

Mgeni wa kwanza mkubwa aliyeufuata umeme huo mjini The Dalles alikuwa kiwanda cha kuyeyusha alumini, kilichofunguliwa mwaka 1958 na kampuni ya Harvey, yaani mwaka mmoja tu baada ya Celilo kufunikwa. Madini ya alumini hayatolewi kwa moto wa makaa kama chuma. Hutengwa kwa nguvu za umeme, na kilo moja yahitaji uniti kumi na tatu au zaidi. Kwa hiyo viwanda vya alumini huenda panapo umeme rahisi, kama nzi waendavyo panapo asali.

Kiwanda kilileta mishahara kwa mamia ya watu. Lakini moshi wake ulikuwa na floridi, nao ulishuka juu ya mashamba ya matunda ya cheri, ambayo ndiyo fahari ya nchi ile. Wakulima waliona miti yao inadhurika, wakapeleka kiwanda mahakamani. Mwaka 1963 mahakama iliamua kwamba wakulima wana haki, na kwamba kiwanda kiweke vyombo vya kuzuia moshi. Kumbe vyombo hivyo vilikuwapo duniani tangu kwanza. Havikuwekwa kwa kuwa viligharimu fedha. Kabla ya hukumu, gharama hiyo ilichukuliwa na miti ya wakulima. Baada ya hukumu, ilichukuliwa na mwenye moshi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1984, kikafunguliwa tena na wenye mali wengine, kisha kikazimwa wakati bei ya umeme ilipopanda ghafula katika majimbo ya magharibi, miaka ya 2000 na 2001. Wafanyakazi wakakosa kazi. Mji ukabaki na bwawa lake, nguzo zake za umeme, na ardhi tupu.

Kampuni yaja mjini

Wazee wa mji hawakulala. Pamoja na wilaya yao walikuwa wamekwisha kutandaza nyuzi za kioo, ambazo hupitisha habari kwa mwanga, wakitumaini kuvuta wenye kazi mpya. Mwaka 2005 akaja mgeni asiyetaja jina lake. Alinunua ardhi ya ekari 30 hivi kwenye bandari ya mtoni kwa karibu dola milioni mbili, kwa jina la kampuni ndogo isiyojulikana, na wakuu wa mji waliojua siri walitiwa sahihi ya kunyamaza. Hata baadaye watu walipoona majengo mawili yenye ukubwa wa viwanja vya mpira, pamoja na minara mirefu ya kupozea, ndipo habari ilipoenea ya kuwa mgeni huyo ni Google.

Kwa nini kampuni tajiri ije mji mdogo? Sababu zake si za ajabu. Kwanza, umeme wa bwawa, ulio rahisi na wa kudumu. Pili, nyuzi za kioo zilizokwisha kutandazwa. Tatu, maji na hewa baridi ya kupozea. Nne, ardhi tambarare. Tano, kodi. Sheria ya Oregon iliruhusu miji kusamehe kodi ya mali kwa wenye viwanda vipya, hata muda wa miaka kumi na mitano, nao mji na wilaya walifanya hivyo. Badala yake kampuni ililipa ada iliyopatanwa.

Hapa yafaa tueleze jinsi fedha ya kituo cha data itumikavyo. Ardhi ni sehemu ndogo ya matumizi. Majengo yenyewe, kuta na paa, hayazidi sana ghala la kawaida. Gharama kubwa ni vitu vya ndani: nyaya nene za umeme, transfoma, betri, majenereta ya dizeli yanayongoja siku umeme utakapokatika, mabomba na minara ya kupozea, na zaidi ya yote kompyuta zenyewe. Nazo kompyuta hazidumu kama kuta. Kampuni kubwa huhesabu ya kuwa zitatumika miaka minne mpaka sita, kisha hubadilishwa. Kwa hiyo mwenye kituo cha data ni kama mtu aliyejenga nyumba ambayo kuta zake hudumu, lakini vyombo vyote vya ndani hana budi kuvinunua upya kila mara mtoto mchanga anapofika umri wa kuanza shule.

Juu ya hayo huja umeme wa kila siku. Zamani, kwa kila uniti moja iliyotumiwa na kompyuta, karibu uniti nyingine nzima ilitumiwa kwa kuzipoza na kwa mambo mengine ya nyumba. Wahandisi walijitahidi sana, na katika vituo bora vya siku hizi uniti hiyo ya pili imepungua hata kuwa sehemu moja ya kumi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ingawa kila kompyuta imejifunza kula kwa adabu, kompyuta zimeongezeka sana. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba katika mwaka 2024 vituo vya data vya dunia vilitumia uniti bilioni 415, yaani karibu sehemu moja na nusu katika kila mia ya umeme wote wa dunia. Katika nchi ya Ireland, ambako vituo hivyo vimekusanyika sana, hesabu ya serikali yasema kwamba mwaka 2015 vilitumia sehemu 5 katika mia ya umeme wa nchi, na mwaka 2023 sehemu 21.

Na watu? Kituo cha The Dalles kilipokwisha kujengwa kilihitaji wafanyakazi wapatao mia mbili tu. Wajenzi ni wengi wakati wa ujenzi, lakini wajenzi huondoka. Mia mbili si haba katika mji wa watu 16,000. Lakini ni wachache kwa kitu kinachotumia umeme kama kiwanda kikubwa.

Habari za maji

Miaka ilipita, na majengo yakaongezeka. Katika mwaka 2021 kampuni ilikusudia kujenga nyumba nyingine mbili, tena juu ya ardhi ile ile palipokuwa kiwanda cha alumini. Mwezi wa Novemba mwaka huo baraza la mji lilikubali mapatano: kampuni italipa dola milioni 28.5 kwa ajili ya visima, matangi na mabomba mapya, nayo itaupa mji haki zake za maji ya chini ya ardhi, zilizotokana na kiwanda cha zamani. Kwa upande wake mji utaipatia kampuni maji.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame, na wakulima na watu wenye visima walikuwa na hofu. Waliuliza swali moja jepesi: kampuni hutumia maji kiasi gani? Hawakujibiwa. Gazeti la The Oregonian la mji wa Portland liliomba hesabu hiyo kwa sheria, na mji wa The Dalles ukajibu kwamba ni siri ya biashara ya kampuni. Hata ukapeleka gazeti mahakamani ili isitolewe. Tazameni hali hiyo. Maji ni ya mji, mita ni ya mji, karani aliyesoma mita ni wa mji, nao wenyeji waliambiwa kwamba hawana ruhusa ya kujua iliyosomwa.

Mabishano yaliendelea zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi wa Desemba 2022 mji ulikubali, hesabu ikatolewa. Katika mwaka 2021 kampuni ilikuwa imetumia galoni milioni 355 za Kimarekani, zaidi ya robo ya maji yote ya mji, na kiasi hicho kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha miaka mitano kabla yake. Tukizipima galoni hizo kwa madebe ya lita ishirini, twapata madebe zaidi ya milioni 67 kwa mwaka, yaani kama madebe 184,000 kwa kila siku. Kampuni nayo, katika mwaka ule ule wa 2022, ilianza kutangaza mwenyewe hesabu za maji ya vituo vyake.

Je, kiasi hicho kilikuwa kingi mno? Watu wa The Dalles wenyewe hawakuwa na fikira moja. Wengine walisema kwamba kampuni imelipia mabomba ambayo mji usingeweza kuyajenga, na kwamba kiwanda cha alumini nacho kilikunywa sana. Wengine walisema kwamba theluji ya milimani yapungua, na maji yaliyokwisha kuahidiwa hayarudi kwa urahisi. Sisi tulio mbali hatuwezi kuwahukumia. Lakini neno moja ni wazi: mashauri hayo yalifaa kufanywa kabla ya kutia sahihi, kila mtu akiwa na hesabu mkononi. Watu waliombwa kukubali bei bila kuonyeshwa kitu kinachouzwa.

Vitabu viwili vya hesabu

Tukiyakusanya yote, twaona ya kuwa gharama za kituo cha data zimeandikwa katika vitabu viwili.

Kitabu cha kwanza ni cha kampuni. Ndani yake mmeandikwa ardhi, majengo, kompyuta, nyaya, mishahara, umeme na maji kwa bei zilizopatanwa. Kitabu hicho hutunzwa vizuri sana, kila senti huandikwa, na makarani hodari hukikagua kila mwaka.

Kitabu cha pili ni cha mahali. Ndani yake yangeandikwa mambo haya: samaki wa Celilo tangu mwaka 1957, miti ya cheri kabla ya hukumu ya mwaka 1963, kodi iliyosamehewa, ambayo ingalijenga madarasa, maji yaliyopaa kama mvuke katika mwaka wa ukame. Pia yangeandikwa mapato: mishahara ya watu mia mbili, ada zilizolipwa, matangi na mabomba mapya. Lakini kitabu hiki cha pili hakina karani. Kurasa zake zimetawanyika: moja mahakamani, moja gazetini, moja katika kumbukumbu za wazee, na moja imo chini ya ziwa.

Na hii ndiyo sababu ya kueleza historia ndefu hivi. Mtu angeanza hesabu yake mwaka 2005, angeona kampuni ikinunua ardhi kwa bei ya haki na umeme kwa bei ya haki, naye angesema, "Hakuna deni." Bei zile zilikuwa za haki kwa kadiri ya kitabu cha kwanza. Lakini urahisi ulioivuta kampuni ulitoka katika kitabu cha pili, nao ulikuwa umelipwa na wavuvi miaka karibu hamsini kabla yake. Kampuni haikulijenga bwawa, wala haikuyafunika maporomoko. Hata hivyo ilikula matunda yake, kama vile sisi sote, tutumiapo vituo hivyo, twakula matunda hayo kidogo kidogo.

Watu wa Celilo hawakutoweka. Kijiji chao kingali ukingoni mwa ziwa, na kila mwaka katika majira ya kuchipua hufanya karamu ya samoni wa kwanza na kutoa shukrani. Mwaka 2008 wahandisi wa jeshi la Marekani walipima chini ya maji kwa vyombo vya sauti, wakaona ya kuwa miamba ya maporomoko ingaliko, mizima, vile vile ilivyokuwa.

Yatupasayo

Msomaji aweza kusema, "Haya ni mambo ya Marekani, yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza tumekwisha kuitaja: simu zilizomo mifukoni mwetu hutumia nyumba hizo. Ya pili, nyumba hizo zaanza kutafuta mahali katika nchi zetu pia. Mwezi wa Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza nia ya kutumia dola bilioni moja nchini Kenya, pamoja na kujenga kituo cha data huko Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke utokao ardhini. Palipo na bwawa, au mvuke, au umeme wa ziada, mgeni wa namna hii aweza kubisha hodi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni neno jema, wala hatusemi mgeni afukuzwe. Lakini mwenyeji hatapona kwa kuwa mgeni amekuja tu. Atapona ikiwa ameuliza maswali yake mapema. Maswali yenyewe si magumu, hata mtu asiyejua kompyuta aweza kuyauliza katika baraza la kijiji. Kituo kitatumia uniti ngapi za umeme, na usiku ule umeme utakapopungua, nani atazimiwa kwanza? Kitatumia madebe mangapi ya maji, na katika mwaka wa ukame itakuwaje? Watu wangapi watapata kazi baada ya wajenzi kuondoka? Kodi imesamehewa kiasi gani, na kwa miaka mingapi? Nani alikuwa akiitumia ardhi hiyo zamani, naye amelipwa nini? Na hesabu za mita zitabandikwa wapi, ili kila mwenye macho azisome?

Swali hilo la mwisho latangulia yote. Wavuvi wa Celilo walijua wanachopoteza, wakasema, nao hawakusikilizwa. Wakulima wa cheri waliona hasara yao juu ya majani, wakaweza kuipeleka mbele ya hakimu. Watu wa mwaka 2021 walinyimwa hata namba. Kila mji upewao mgeni mkubwa na ujiwekee karani wa kitabu cha pili, naye aanze kuandika kabla msingi haujachimbwa. Mkataba wowote unaokataza mita isomwe mbele ya watu, wazee wa mahali na waurudishe bila sahihi.